Kulala Pwani ya Kusini: Maswali Tunayoulizwa Kila Msimu (Kilwa, Lindi, Mikindani, Mtwara na Msimbati)

Naishi Mikindani na kazi yangu ni kupangia wageni vyumba na boti. Simu nyingi huanza na "chumba bei gani?" Mimi hujibu kwa swali: unataka kufanya nini saa nne asubuhi? Huku kwetu saa nne ya leo inaweza kukukuta na maji ya kifuani, na saa nne ya wiki ijayo ikukute na tope. Majibu yaliyo hapa chini ni yale ninayoyarudia mpaka koo linakauka.

## Kuchagua mji

Nianzie wapi: Kilwa, Lindi, Mikindani, Mtwara au Msimbati?

Kama unataka historia na ufukwe wa kuogelea kwa pamoja, nenda Kilwa Masoko. Pwani ya Jimbizi iko pale pale mjini, na Kilwa Kisiwani inaonekana ng'ambo. Usiichanganye Masoko na Kilwa Kivinje, mji mkongwe ulio upande wa kaskazini. Kivinje ni pa kutembea mchana kutazama majumba ya zamani na milango yake, lakini vyumba vizuri viko Masoko.

Mikindani ni ya mtu wa utulivu. Ni ghuba iliyojifunga, ina vichochoro vya mawe, mibuyu, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 juu ya kilima. David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara hapa hapa mwaka 1866. Kwa kuogelea, nasema kweli ingawa ni kwetu, Mikindani si chaguo la kwanza. Sababu iko kwenye swali la bahari kutoweka.

Mtwara mjini kuna kila huduma: uwanja wa ndege, benki, hospitali ya mkoa, hoteli za semina. Ufukwe wa Shangani uko karibu, na ukivuka kwa pantoni unafika Msangamkuu. Msimbati, kama kilomita 45 kutoka Mtwara, ndiyo pwani nzuri kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo yenye vyumba vichache kuliko zote.

Lindi mjini watu hupita tu, nami naona wanakosea. Jioni ukikaa pale ufukweni ukatazama mitumbwi ikivuka kwenda Kitunda, na pweza wa kukaanga mkononi, utaelewa. Ila usiku mmoja unatosha.

Kutoka Dar ni mbali kiasi gani?

Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300, Lindi kama 450, Mtwara kama 560. Kwa basi, Kilwa ni nusu siku na Mtwara ni siku nzima. Mtwara kuna ndege pia, ya kama saa moja.

Mabasi ya Lindi na Mtwara hayaingii Masoko. Utashushwa Nangurukuru, kisha utachukua bajaji au gari dogo. Na anayekuja Mikindani asubiri nini hadi Mtwara stendi? Ukitokea Lindi, Mikindani inaanza, Mtwara inafuata baada ya kilomita kama 10. Mwambie konda mapema akushushe, kwa sababu akilala konda na wewe ukalala, mtaamshwa wote na makelele ya wapiga debe.

Mafia nayo iko kwenu?

Hapana. Mafia ni Mkoa wa Pwani na njia yake ni nyingine. Watu huichanganya na Songosongo, kisiwa cha Kilwa chenye gesi.

## Maji na upepo

Nimeamka, bahari haipo. Imekwenda wapi?

Hili ndilo swali mama. Bahari ya huku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji yakijaa na yakipwa huzidi mita 3. Penye ufukwe wenye mteremko mkali hutaona tofauti kubwa, maji yatasogea hatua kadhaa tu. Penye ghuba tambarare kama Mikindani, mita hizo 3 za kwenda chini ni mamia ya mita za kwenda mbele.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilimpokea dada mmoja na mumewe kutoka Dodoma. Kwenye simu niliwaambia kwa mbwembwe: "Bahari iko mlangoni." Walifika usiku, wakasikia mawimbi, wakafurahi. Asubuhi saa nne dada akatoka na taulo begani. Mbele yake ngalawa tatu zimelala ubavu. Vijikaa vyekundu vyenye gando moja kubwa vinaingia na kutoka kwenye vishimo vyao. Kinamama wameinama mbali huko wanaokota chaza, ndoo pembeni. Akanigeukia: "Kaka, bahari mmeihamishia wapi?" Sikuwa na la kusema. Niliwapeleka Shangani kwa bajaji, nauli nikatoa mimi.

Nitajuaje siku nzuri za kuogelea?

Angalia mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Mwezi ukiwa nusu, yaani kama tarehe 7 au 8 na 21 hadi 23 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu: bahari haipandi sana wala haitoki sana, tofauti yake ni kama mita 1 tu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Katika pwani yetu bamvua ina saa zake. Maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Maji mafu ni kinyume chake: asubuhi ya saa nne au tano ndipo yamejaa. Kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50.

Kwa hiyo kama una watoto na unataka waogelee asubuhi mpaka mchana, panga likizo yako wiki ya maji mafu. Kama unataka kutembea juu ya mwamba, kuona viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota) na samaki waliobaki kwenye vidimbwi, njoo bamvua, na uogelee jioni. Kalenda ya Kiislamu ukutani inatosha kupanga safari nzima. Mimi bado naitumia hiyo hiyo, ingawa simu ina programu ya maji.

Mwezi gani ni mzuri kuja?

Septemba hadi Novemba, kama una uhuru wa kuchagua. Kusi, upepo wa kusini, limepungua nguvu; kaskazi, upepo wa kaskazini, halijashika; bahari imetulia na maji yanaonekana mpaka chini. Ndiyo tanga mbili ya wazee. Ni msimu wa korosho pia, na ukipita barabarani harufu ya mabibo inakuingia hadi ndani ya basi. Nyangumi nao hupita upande wa Ghuba ya Mnazi, huko Msimbati, kipindi cha kusi kinapokwisha.

Juni hadi Agosti ni kusi lenyewe. Hakuna mvua, joto ni la kupendeza, usiku unaweza kutaka shuka zito. Lakini upepo ni upepo: mchana unavuma moja kwa moja, bahari inachafuka, na safari za visiwani lazima ziondoke alfajiri.

Kusini hatuna vuli na masika kama Dar. Mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Anayekuja Krismasi atakuta joto la kaskazi, jasho, maembe, na mvua ya ghafla. Wengi hufurahi hivyo hivyo. Machi na Aprili mimi mwenyewe nawaambia watu wasubiri.

Upepo una uhusiano gani na chumba?

Mkubwa. Chumba kinachotazama kusini au mashariki wakati wa kusi kina ubaridi wa bure na mbu wachache, ila mlango unapigapiga usiku kucha na mchanga unaingia mpaka kwenye chai. Chumba hicho hicho mwezi wa Januari ni oveni, kwa sababu upepo umehamia upande wa pili. Uliza dirisha linatazama wapi. Mwenye nyumba asiyejua kusi linaingilia dirisha gani hajalala kwenye chumba anachokukodisha.

## Chumba chenyewe

Wakisema "mbele ya bahari" wanamaanisha nini?

Wanaweza kumaanisha lolote. Ufukwe wa mchanga, mikoko, ukuta wa mawe wenye ngazi, au gati la wavuvi linaloanza kelele saa kumi na moja alfajiri. Omba video ya WhatsApp iliyopigwa dirishani, siyo picha ya kitanda. Na sema ipigwe saa nne asubuhi siku ya bamvua. Akikutumia hiyo bila kusitasita, lipa.

Niulize nini kwenye simu kabla ya kutuma advansi?

Maji ya bombani ni ya chumvi au matamu? Kuna visima vingi karibu na bahari ambavyo maji yake hayapovushi sabuni. Kuna tangi? Umeme ukikatika kuna jenereta, na inawashwa saa ngapi mpaka saa ngapi? Chandarua kipo na ni kizima, au kina matundu? Ukanda wetu una malaria nyingi, hili si la aibu kuuliza. Bei ni kwa chumba au kwa mtu, na chai ya asubuhi imo?

Ukifika, kabla hujafungua begi, tazama bawaba na vitasa. Chumvi inakula chuma chochote ndani ya miezi michache. Penye bawaba safi pana mtu anayezunguka na kopo la oili. Penye kitasa kilicholiwa na kutu, ujue na bomba la bafuni liko hivyo hivyo.

Gesti, loji, au nyumba nzima?

Gesti ya mjini yenye chumba self na feni inamtosha mtu anayelala tu na kushinda nje. Loji za ufukweni ni ghali, lakini mara nyingi zina boti na nahodha wao, na hapo ndipo pesa yako inarudi kama nia yako ni visiwa. Familia ya watu sita ichukue nyumba nzima na mpishi wa hapo hapo mtaani.

Baadhi ya loji zina bei mbili, ya Watanzania na ya wageni wa nje. Sema mapema kama wewe ni raia au mkazi, na uje na kitambulisho.

Chakula kikoje?

Nacho kinafuata maji. Siku za bamvua pweza, chaza na kaa ni wengi. Siku ambazo kusi limekaza, wavuvi hawatoki na utakula maharage mbele ya bahari. Agiza chakula cha jioni asubuhi, kwa sababu hoteli nyingi ndogo zinakwenda kununua baada ya kuagizwa. Ukiona ming'oko, ile mizizi ya porini, inauzwa kituoni, nunua. Inachemshwa, inaliwa kwa chumvi na pilipili, na Dar hutaipata kirahisi.

## Visiwa

Kilwa Kisiwani nilale huko au niende na kurudi?

Nenda urudi, lala Masoko. Kisiwani ni kijiji cha watu wanaoishi, chenye magofu katikati yake: Msikiti Mkuu, Gereza (ngome), Makutani, na Husuni Kubwa peke yake juu ya jabali. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu mji. Wareno waliuteka mwaka 1505. UNESCO iliyaingiza magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Kibali unakata Masoko kabla ya kuvuka, na eneo linasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Usivuke kwanza ukitegemea kulipia huko huko. Kwa dau, upepo ukikubali, ni kama robo saa. Ondoka asubuhi kabla mawe hayajapata moto. Husuni Kubwa ni mwendo kidogo kutoka kijijini, na saa saba mchana hakuna kivuli njiani.

Na Songo Mnara?

Hiyo ni siku nzima na boti ya mashine. Iko kusini ya Kisiwani, kwa hiyo wakati wa kusi kwenda ni taabu, unapigwa maji usoni, na kurudi ni raha. Wakati wa kaskazi ni kinyume.

Shida yake ni kushuka. Unaingilia kwenye mikoko, unavua viatu, unatembea ndani ya maji. Maji yakiwa yamepwa, unatembea ndani ya tope. Mwaka fulani nilikuwa na wageni wanne waliopenda mno kupiga picha. Nahodha aliniita mara mbili: "Kaka, maji hayasubiri." Nikasema dakika kumi tu. Tuliporudi boti imekaa juu ya tope kama kuku kwenye mayai. Tulisubiri saa nne nzima, na pakiti moja ya biskuti, chupa mbili za maji, na mbu wa mikoko wasiojua kuwa jua bado halijazama. Tangu hapo saa ya kuondoka kisiwani anaipanga nahodha, mimi sina kauli.

Nichague boti gani?

Kwa Kisiwani, dau la tanga linatosha na lina raha yake. Kwa mbali zaidi, taka mashine, na uulize kama kuna mashine ya akiba au angalau tanga. Hesabu maboya na vichwa kabla ya kupanda. Nahodha akikuambia "leo hapana", usimbembeleze kwa kumwongezea pesa. Anayekubali baada ya kuongezewa ndiye wa kuogopwa.

Ni kweli Msimbati gari linapita ufukweni?

Ni kweli, mchanga wake ni mgumu na watu wanalifurahia sana jambo hili. Lakini gari linapita maji yakiwa yametoka, na katika ule ukanda wa mchanga uliolowa. Juu kwenye mchanga mkavu litazama, na watakaolisukuma ni vijana wa kijiji, ambao wana bei yao. Usiegeshe chini ya mstari wa majani ya bahari, maana huo mstari ndipo maji yalipofika jana. Ukirudi mjini, osha gari chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna ada ya kuingia na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo hakikisha simu ina salio. Kwa waogeleaji: kuna sehemu kina kinaanguka ghafla hatua chache tu kutoka mchangani, na mkondo una nguvu. Muulize mvuvi kwanza.

## Mambo ya pembeni

Nina watoto wadogo. Wapi?

Jimbizi, Kilwa Masoko, au Shangani, Mtwara, wiki ya maji mafu. Msimbati wabaki wanacheza mchangani. Kila mtoto awe na yeboyebo. Kwenye miamba kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu, na mwiba wake ukivunjikia unyayoni likizo imeharibika.

Nivae nini? Na Ramadhani je?

Ndani ya loji vaa unavyotaka. Ukitoka ufukweni kuingia kijijini, jifunge kanga au vaa shati. Watu hawatakugombeza, watakuamkia vizuri tu, lakini utasemwa mpaka Ijumaa.

Ramadhani mchana migahawa mingi midogo hufungwa, kwa hiyo panga chakula na hoteli. Jioni ndipo mji unapofufuka: kaimati, tambi, uji wa pilipili manga. Kuna wageni wangu wanaokuja mwezi huo makusudi kwa ajili ya futari.

Barabara ikikatika kwa mvua?

Hutokea. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar–Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na mabasi yakakwama. Ukija kati ya Machi na Mei, acha siku mbili za akiba kabla ya siku ya kurudi kazini, fuatilia Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uwe na nauli ya ndege ya kutokea Mtwara hata kama hutaitumia.

Naweza kufika hadi mdomo wa Mto Ruvuma?

Upande wa ng'ambo ni Msumbiji, na kaskazini yake imekuwa na machafuko tangu 2017. Usiende kwa kujitembeza. Pitia ofisi ya hifadhi, ripoti serikali ya kijiji, nenda na mwenyeji, urudi kabla ya jioni. Wakikuambia leo hakuendeki, geuza.

Nimelipa, nimefika, chumba si kile nilichoonyeshwa. Nifanyeje?

Usipakue. Mwite mwenyewe, siyo mhudumu, na mwonyeshe ile video aliyokutumia. Omba chumba kingine kabla ya kuomba pesa, kwa sababu chumba kingine mara nyingi kipo na pesa mara nyingi imeshakwenda kununua dizeli. Kikikosekana, dai nusu na uhame mapema. Baada ya magharibi bajaji ni chache, hasa Kilwa na Mikindani, na utajikuta umelala hapo hapo kwa hasira.

Kama ulilipa usiku tano kwa mpigo, hapo sina la kukusaidia sana. Lipa usiku mmoja, tazama asubuhi maji yamekwenda wapi, ndipo uongeze.